Adabu ya Kuulizana: Tunapotaka Kujuana kwa Maswali ya Mtandaoni



Kila muhula mpya unapoanza hapa Onduparaka, vikundi vya WhatsApp vya mwaka wa kwanza huchangamka kwa mchezo mmoja. Mtu huweka orodha ya maswali 20 au 30 yenye namba, kisha husema: chagua namba, nitajibu kwa ukweli, nawe utajibu langu. Mwanzoni ni mambo mepesi: chakula unachokipenda, umetoka wilaya gani, sekondari ulisoma wapi. Ukifika namba ya 12 mambo yamegeuka: uliwahi kumpenda nani, mara ya mwisho ulilia kwa sababu gani, siri gani wazazi wako hawaijui. Lengo lenyewe si baya. Mtu ametoka Koboko, Yumbe au Moyo, hamjui yeyote, anataka apate marafiki kabla mitihani ya kwanza haijafika.

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wamenijia mara kadhaa wakiuliza kama mchezo huu ni halali. Wanataka jibu la neno moja. Somo hili ni kwa ajili yao, na naomba wanisamehe kwamba limezidi neno moja.

Tuanze na Sura ya Hujurat. Aya ya 13 inatufundisha kwamba Allah (s.w.t.) ametuumba kutokana na mwanamume na mwanamke, akatujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Aya hii tunaihifadhi wote na tunaitumia kwenye kila hotuba ya kukaribisha wageni. Lakini aya iliyo juu yake, ya 12, imekataza dhana mbaya, imekataza kupeleleza, imekataza kusengenya. Mpangilio huo una mafunzo. Kujuana kumeamrishwa baada ya upelelezi kufungiwa mlango, kwa hiyo anayetaka kumjua mwenzake hana ruhusa ya kumchimba.

Basi ni maswali gani yafaayo kwa mtu ambaye ndiyo kwanza mmejuana? Tirmidhi amepokea hadithi isemayo kwamba mtu akifanya udugu na mwenzake amuulize jina lake, jina la baba yake na watu anaotokana nao, kwani hilo huunganisha zaidi mapenzi. Tirmidhi mwenyewe ameitaja kuwa ni gharib, na akabainisha kuwa haijulikani kama Yazid bin Nu'ama aliyeisimulia alimsikia Mtume (s.a.w.). Kwa hiyo hatuijengei hukumu. Maana yake hata hivyo inakubaliana na desturi za watu wengi, zikiwemo zetu. Mzee wa Kilugbara akikutana na kijana asiyemjua atataka kujua ni mtoto wa nani na wa ukoo upi, na ana sababu: watu wa ukoo mmoja hawaoani.

Lakini hata maswali haya matatu, katika ardhi yetu ya West Nile, si mepesi kama yanavyoonekana. Chukua jina. Majina mengi ya Kilugbara hutolewa kufuatana na hali iliyokuwapo nyumbani mtoto alipozaliwa. Candia na Candiru yana maana ya taabu na mateso. Draru limebeba mauti ndani yake. Ukimuuliza dada mbele ya kikundi cha watu 80, "Jina lako lina maana gani?", huenda unamtaka aeleze msiba wa mama yake au ugomvi wa wazazi wake. Wewe umeuliza kwa uchangamfu, yeye amekaa na simu mkononi hajui aanzie wapi.

Chukua na baba, na watu anaotokana nao. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wa huku walilipizwa kisasi kwa sababu tu ya walikotoka, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, hapa hapa Arua, walishambuliwa na wanajeshi na wengi wakauawa. Wajukuu wa waliokufa tunasoma nao. Wajukuu wa askari wa Amin pia tunasoma nao, na Mnubi au Mkakwa akiulizwa "babu yako alifanya kazi gani wakati ule?" anajua swali linaelekea wapi. Kisha wapo ndugu zetu wa Sudan Kusini. Vita vilipozuka upya Juba mwezi Julai 2016, watu walimiminika kuvuka mpaka; kambi ya Bidibidi ilifunguliwa Agosti ya mwaka huo, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa na zaidi ya watu 250,000. Ukimuuliza mmoja wao "baba yako yuko wapi?" kwenye mchezo wa namba, usishangae akitoka kwenye kikundi bila kuaga.

Hapa ndipo Sura ya Maida, aya ya 101, inapotufaa. Inawakataza waumini kuuliza mambo ambayo yakidhihirishwa yatawachukiza. Miongoni mwa sababu za kushuka kwake zilizotajwa katika Bukhari na Muslim ni kisa cha Abdullah bin Hudhafa (r.a.). Watu walikuwa wamezidisha maswali mpaka Mtume (s.a.w.) akakasirika, akawaambia waulize watakalo. Abdullah akasimama akauliza, "Baba yangu ni nani?" Akajibiwa kuwa ni Hudhafa. Katika mapokezi ya Muslim, mama yake alipopata habari alimkemea vikali. Alimwambia hajapata kusikia mtoto asiye na wema kwa mzazi kumzidi yeye: je, kama mama yako angekuwa ameteleza katika zama za jahiliya, ungemfedhehesha mbele ya macho ya watu?

Tazama jambo alilolishika mama huyu. Jibu lilikuwa jema, hakuna aibu iliyotokea, na bado alikasirika, kwa sababu mwanawe alicheza kamari na heshima ya mtu ambaye hakuwepo barazani. Maswali mengi ya mtandaoni yako hivyo. "Wazazi wako wanapendana?" "Nani kwenu anakunywa pombe?" Anayejibu ni mmoja, wanaovuliwa nguo ni nyumba nzima.

Sasa tuingie kwa wanachuoni, maana hapa nadhani ndipo kiini cha somo kilipo. Katika hadithi ya Mughira bin Shu'ba (r.a.) iliyoko kwa Bukhari na Muslim, Allah ametuchukizia mambo matatu: porojo za "imesemwa, fulani kasema", wingi wa kuuliza, na kupoteza mali. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ametaja kauli kadhaa kuhusu maana ya wingi wa kuuliza. Moja ni kumuuliza mtu undani wa hali yake. Sababu anayoitaja ni kwamba aliyeulizwa hutiwa katika dhiki: huenda hapendi habari zake zijulikane. Akisema, ameumia. Akidanganya au akizungukazunguka, ameingia taabuni. Akinyamaza, ameonekana hana adabu.

Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, alitoa mfano ambao ungedhani aliutoa kwenye simu zetu. Katika Ihya, kwenye mlango wa maafa ya ulimi, anazungumzia kumuuliza mtu, "Je, umefunga?" Akisema ndiyo, ameidhihirisha ibada yake na huenda riya ikamwingia. Akisema hapana, naye amefunga, amesema uongo. Akinyamaza, amekudharau. Akitafuta njia ya kukwepa, umemchosha. Swali fupi, na kila upande una mwiba! Nasi kila Jumatatu na Alhamisi kuna anayeandika kwenye kikundi: "Nani amefunga leo? Tujuane." Au asubuhi: "Nani aliamka tahajjud?" Nia ni kuhimizana, naijua. Lakini Ghazali alishaona inakofikia, takriban miaka mia tisa kabla ya WhatsApp.

Kutokana na maneno ya maimamu hawa wawili nimepata kipimo ninachokiona bora kuliko kuhesabu maswali ya halali na ya haramu. Kabla ya kuuliza, jiulize: mwenzangu asipotaka kujibu, atatokaje? Kama hana pa kutokea ila kwa uongo, kwa aibu au kwa kuonekana jeuri, basi dhiki hiyo umemtwisha wewe. Na mchezo wa namba umetengenezwa kuziba pa kutokea, kwani sharti lake la kwanza ni kwamba lazima ujibu.

Huenda mtu akasema: lakini utafiti umeonyesha kuwa maswali ya ndani huleta ukaribu. Ni kweli. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Arthur Aron wa Marekani na wenzake walichapisha utafiti wa maswali 36. Waliwakalisha wasiojuana wawili wawili kwa dakika 45, maswali yakizidi kina hatua kwa hatua, na waliofanya hivyo walijihisi karibu zaidi kuliko waliozungumza mambo ya kawaida. Orodha nyingi zinazozunguka leo zimechotwa humo. Ila soma vizuri masharti: watu wawili, ana kwa ana, kila mmoja anajibu na kumsikiliza mwenzake, wala hakuna baraza la watazamaji. Ukiyamwaga maswali hayo kwenye kikundi, umechukua orodha ukaacha dawa.

Kuna hadithi ya Jabir (r.a.) kwa Abu Dawud na Tirmidhi ambayo naipenda sana katika mlango huu. Inafundisha kwamba mtu akizungumza jambo kisha akageuka kuangalia huku na huku, maneno hayo ni amana. Hakusema "usimwambie mtu". Shingo yake imesema. Mtandaoni shingo haionekani. Unasoma sentensi iliyoandikwa saa saba za usiku na mtu aliyekuwa akiangalia huku na huku, na kesho picha ya skrini iko kwenye kikundi kingine. Kwa hiyo aliyepokea jibu la faragha achukulie kuwa shingo iligeuka, hata kama hakuiona.

Viungo vya kuuliza bila jina vina balaa lake. Programu ya NGL, iliyoanza mwaka 2021, ilipendwa na vijana kwa sababu mtu hupokea maswali asijue yametoka kwa nani. Julai 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuwa wenye programu wamekubali kulipa dola milioni 5 na kuzuiwa kuwahudumia walio chini ya miaka 18. Miongoni mwa madai ya tume ni kwamba kampuni yenyewe ilikuwa ikituma ujumbe wa kubuni, ionekane umetoka kwa marafiki, kisha ikiwatoza watu fedha wakitaka kujua aliyeuliza. Kijana amekesha akiwaza ni nani darasani anayemshuku, kumbe hakuna mtu. Na tukiwa hapo: anayekuuliza mwaka wa kuzaliwa, jina la mama na namba ya laini unayotumia kupokea ada, achunguzwe. Wengi wetu tumefanya mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa za simu.

Yapo maswali ambayo hata ukitaka kuyajibu hujaruhusiwa: yale ya dhambi iliyopita. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba umma wote utasamehewa isipokuwa wanaodhihirisha maasi, na miongoni mwao ni aliyefanya jambo usiku, Allah akamsitiri, kisha asubuhi akaifunua sitara kwa kusimulia. "Uliwahi...?" inayoelekea huko haijibiwi, na anayeiuliza ameshiriki.

Kuhusu posa, hali ni nyingine. Fatima bint Qays (r.a.) alimtaka ushauri Mtume (s.a.w.) kuhusu Muawiya na Abu Jahm waliomposa, akaambiwa wazi kasoro ya kila mmoja, akashauriwa kuolewa na Usama, imo katika Muslim. Kwa hiyo mwenye nia ya ndoa aulize, tena aulize mambo mazito, kwa njia inayojulikana na walii akiwa na habari. Lakini "nipe namba 7" inayotumwa usiku wa manane kwa asiye maharimu haiwi posa kwa kuwa na maswali mengi.

Tuseme basi tumeacha orodha. Tutajuana vipi? Bayhaqi amepokea kwamba mtu alitoa ushahidi mbele ya Umar (r.a.), naye Umar akataka aletwe anayemjua. Mmoja akasema, mimi namjua, kwa uadilifu na wema. Umar akamuuliza kama ni jirani yake wa karibu, ajuaye usiku na mchana wake. Hapana. Kama wamewahi kuamiliana kwa dinari na dirhamu. Hapana. Kama wamesafiri pamoja. Hapana. Akamwambia, basi humjui. Mambo hayo matatu tunayo hosteli. Mwenzako ni jirani, mnapikia sigiri moja. Utamkopesha shilingi 10,000 au atakukopesha. Na basi la kwenda Kampala, kupitia Pakwach na Karuma, litakuonyesha tabia yake kufika asubuhi.

Maswali hayajafutwa, yamepewa mahali pake. Salman (r.a.) alipomtembelea Abu Dardaa, ndugu aliyeunganishwa naye na Mtume (s.a.w.), alimkuta Ummu Dardaa amevaa nguo chakavu, akamuuliza ana nini. Lilikuwa swali la binafsi kabisa. Akaambiwa kuwa ndugu yako hana haja na dunia. Salman hakwenda kulisimulia. Alikataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, akalala hapo hapo, akamzuia kukesha, wakaamka pamoja mwisho wa usiku wakaswali, akamkumbusha haki ya Mola wake, ya nafsi yake na ya watu wa nyumbani kwake.

Kwa wanaosimamia vikundi vya mwaka huu wa kwanza, nashauri orodha ya namba iondolewe na mahali pake yawekwe mambo matatu tu: jina unalopenda kuitwa, kozi unayosoma, na hosteli au mtaa unaokaa. Dada wawe na kikundi chao, na mtaa wasiuandike ila humo. Anayetaka kumjua mtu zaidi ya hapo, baada ya swala ya Alasiri wapo nje ya msikiti.