SOMO LA MWEZI: SAA YA MTU ANAYENGOJA

Masomo: Yeremia 28 na 29, Zaburi 90, Mathayo 20:1-16

Somo letu linahusu kitu ambacho kila mmoja wetu anacho, hata yule ambaye jina lake halionekani kwenye orodha yoyote: wakati.

Hapa Nakivale nasikia maneno mawili yanayopingana, tena kutoka kinywa kimoja. Mama anasema, "Mchungaji, siku ya hapa haiishi." Hatujamaliza chai, anasema tena, "Mtoto huyu nilivuka naye mpaka nikiwa nimembeba mgongoni, leo ananipita urefu. Miaka imekwenda wapi?" Mama huyo hajichanganyi. Yote mawili ni kweli.

Mmarekani mmoja mwalimu wa elimu ya nafsi, William James, aliliandika jambo hili mwaka 1890. Wakati uliojaa kazi na mambo mapya hupita upesi, lakini baadaye tukiukumbuka unakuwa mrefu, kwa sababu akili inakuta mengi ya kuhesabu. Wakati mtupu ni kinyume. Anayeketi mlangoni akitazama simu kama italia ataona mchana hauna mwisho, lakini mwaka ukiisha, akigeuka nyuma, hapati cha kushika. Siku zote zilifanana, zimekuwa kama siku moja. Ndiyo maana kungoja kunatunyang'anya mara mbili.

Miaka mingi kabla yake, Mwafrika mwenzetu Augustino, askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Algeria, alifikiri juu ya wakati katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake. (Wanafunzi wa chuo cha Biblia hukilalamikia sana kitabu hicho. Ni kigumu, lakini mfano wake ni mwepesi.) Mtu anataka kuimba zaburi anayoijua. Kabla hajaanza, zaburi yote iko katika kutazamia. Akianza, maneno yanatoka huko yanapita mdomoni na kuingia katika kumbukumbu. Yaliyopita tunayo kwa kukumbuka, yajayo tunayo kwa kutazamia, na ya sasa tunayo kwa kuangalia. Basi tujiulize: mkimbizi anaishi wapi? Wazee wetu wengi wanaishi katika kumbukumbu: ng'ombe, nyumba ya mabati, kijiji cha kule Kivu. Vijana wanaishi katika kutazamia: ndege, Kanada, Australia. Hapo katikati, ambapo zaburi inaimbwa, hakuna mtu.

Watu wa Yuda walipatwa na hayo hayo. Mwaka 597 KK walichukuliwa pamoja na mfalme Yekonia mpaka Babeli. Hanania akatabiri hekaluni kwamba miaka miwili tu, kila kitu kitarudi. Fikiri jinsi habari hiyo ilivyokuwa tamu! Miaka miwili mtu anaweza kuketi juu ya mzigo wake bila kuufungua. Kisha ikaja barua ya Yeremia: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, ozesheni, uombeeni amani mji huo, kwa maana ni miaka sabini. Mmoja wa waliohamishwa, Shemaya, alikasirika hata akaandika Yerusalemu kuuliza kwa nini Yeremia hajakemewa. Mimi namwelewa. Koreshi alitoa ruhusa ya kurudi mwaka 538 KK. Aliyefika Babeli akiwa na miaka thelathini, kama alikuwa hai siku hiyo, alikuwa mzee wa karibu miaka tisini. Wengi walioisikia barua ile walizikwa huko huko.

Angalieni viwanja vyetu. Wengi tunapanda maharage, kwa sababu miezi mitatu tunavuna, na nani ajuaye tutakuwa wapi baadaye? Mgomba unataka karibu mwaka. Parachichi ya mbegu inataka miaka mingi, kwa hiyo mtu anasema, "Nimpandie nani?" Lakini wakimbizi kutoka Rwanda walipokelewa hapa karibu na mwaka 1960. Miaka ile miti mingi ingepandwa na kuzaa na kuzeeka. Yeremia hakusema wapande mboga tu, alisema wale matunda yake.

Januari 2025 Marekani ilipousimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kuna familia zilizokuwa zimekwisha kuuza mbuzi na magodoro. Sitawaambia kwamba uchungu wao ni ukosefu wa imani. Wala sisemi msiende kwenye mahojiano mkiitwa. Nendeni, na mvae vizuri. Barua ya Yeremia yenyewe ina ahadi ya kurudi. Ninalouliza ni juu ya leo mchana. Kuna daftari la mtoto halijafunguliwa na mzazi tangu muhula uanze. Kuna kijana na binti wanaochelewesha ndoa wakingoja uwanja wa ndege.

Katika Mathayo 20, saa zinahesabiwa kama sisi Waswahili tunavyozihesabu, tangu jua kuchomoza: saa tatu, saa sita, saa tisa. Saa kumi na moja, jua linakaribia kuzama, mwenye shamba anawakuta watu wamesimama bure kutwa, kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu. Naye hakuwaambia warudi kesho asubuhi. Ilibaki saa moja, na katika saa hiyo aliwapeleka shambani.

Vikundi vya nyumbani vitazungumza hivi: Katika juma lililopita, ni siku gani unayoweza kuisimulia tangu asubuhi mpaka jioni? Kama hakuna, kwa nini? Na kila nyumba itaje mti mmoja itakaoupanda mvua zikianza. Mama wa kikundi cha ziwani ana miche ya parachichi; njooni na ndoo zenu.