Mafunzo Niliyopata Darini

Nilikulia Lamu, ambako kulala darini ni heshima. Sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko, upepo wa bahari unapita, na mgeni wa maana ndiko anakopandishwa. Basi wakala aliponitembeza katika nyumba ya kupanga huko Leicester, Uingereza, akafungua mfuniko, akateremsha ngazi ya kukunja na kusema juu kuna nafasi ya ziada, sikuuliza swali. Kodi ilikuwa ya vyumba viwili. Nilijiona nimepata cha tatu bure. Mpwa wangu alipokuja kusoma chuo kikuu, tulimpandishia godoro. Alilala huko miezi minne.

1. Dari ya kwao si dari ya kwetu

Katika nyumba nyingi za zamani za Uingereza, mbao zilizo chini ya paa ziliwekwa kushikilia dari ya chumba cha chini, na labda kubeba masanduku machache. Hazikukusudiwa kubeba kitanda, kabati la vitabu na kijana mzima. Mtu alikuwa amepigilia vibao juu yake, zulia likatandikwa, nasi tukaamini ni sakafu. Siku moja nikaona ufa mpya kwenye plasta ya chumba cha watoto, chini hasa ya godoro la mpwa wangu.

2. Soma tangazo neno kwa neno

Tangazo lilisema "vyumba viwili vya kulala na chumba cha dari". Halikusema vitatu. Mawakala wengi wa huko hulikwepa neno "kulala" dari isipokuwa na idhini. Nilipoufungua mkataba tena, nikakuta kifungu kinachosema dari si sehemu ya upangaji. Kumbe aliyekuwa akivunja mkataba ni mimi.

3. Omba cheti, usiombe maneno

Dari nyingi zinaweza kugeuzwa chumba bila kibali cha mipango miji. Lakini kazi hiyo haikwepi kanuni za ujenzi: lazima ikaguliwe, kisha kitolewe cheti cha kukamilika. Nilipomuuliza mwenye nyumba, alinijibu kuwa wapangaji waliotutangulia walilala huko na hawakulalamika. Jibu hilo halikuwa cheti.

4. Kabla ya kuuliza atalala wapi, uliza atatokaje

Usiku mmoja mkate uliungua jikoni. King'ora cha moshi kikalia chini, kingine kikaitikia ghorofani. Darini hakikuwapo. Tukatoka mbio na watoto hadi barabarani, ndipo mke wangu akauliza, "Kijana yuko wapi?" Nilirudi ndani nikasikia akigonga: "Mjomba, mfuniko haufunguki!" Nilikuwa nimeufunga kwa kitasa mwenyewe jioni ile, ili mwanangu wa miaka mitatu asipande ngazi. Moto haukuwapo, ni moshi tu. Lakini mikono yangu ilitetemeka hata kitasa kikanishinda mara mbili.

Baadaye nilielewa kwa nini sheria ni kali. Sakafu ikiwa zaidi ya mita 4.5 kutoka ardhini, kama ilivyo kwa dari nyingi za nyumba za ghorofa moja, dirisha la paa halihesabiwi kuwa njia ya kujiokoa. Hutakiwa ngazi ya kudumu inayolindwa dhidi ya moto hadi mlango wa nje, milango inayohimili moto angalau dakika 20, na ving'ora vya umeme vilivyounganishwa, ili kimoja kikilia vyote vilie. Tangu 2015, mwenye nyumba anatakiwa kuweka angalau king'ora kimoja katika kila ghorofa inayokaliwa.

5. Mpwa ni familia, rafiki si familia

Tulikuwa watu watano. Kwa sheria ya makazi ya 2004, mpwa huhesabiwa katika familia moja. Angekuwa rafiki, zingekuwa kaya mbili, na tangu Oktoba 2018 nyumba ya watu watano wa kaya tofauti wanaotumia jiko au choo kimoja lazima iwe na leseni. Humo chumba cha mtu mzima mmoja hakiwi chini ya mita za mraba 6.51, na sehemu ambayo dari yake haifiki mita 1.5 haihesabiwi kabisa. Darini kwetu, ukiondoa pembe za paa, ilibaki njia ya kupita tu.

6. Halmashauri si ya kuogopwa

Nilichelewa kupiga simu nikidhani tutafukuzwa. Afisa wa makazi alikuja, akaitazama ngazi, akakanyaga vibao kidogo akarudi chini. Alituambia pale ni stoo. Hakututoza hata senti, na barua aliyoandika ilikwenda kwa mwenye nyumba.

Sasa mpwa wangu analala sebuleni, kwenye kochi la kukunjua, na hulalamika kwamba tunaamka mapema mno. Nawe ukipanga nyumba Uingereza, kabla hujapandisha godoro tafuta vitu vitatu: ngazi ya kudumu, cheti, na njia ya kutokea usiku penye moshi. Kimoja kikikosekana, pandisha masanduku.