Mkristo na Nchi Yake

Masomo: Danieli 6:1-10, Marko 12:13-17, Matendo 5:27-32, Warumi 13:1-7

Katika ibada za nyumbani tumeulizwa mara nyingi swali hili: Je, Mkristo anaweza kuipenda nchi yake kwa moyo wote na huku akimpenda Mungu kwa moyo wote? Wako wanaojibu kwamba siasa ni mambo ya dunia, Mkristo asijitie humo. Wako na wengine ambao kwao lo lote lisemwalo na wakubwa ni sawa na sauti ya Mungu. Katika somo hili tutaona kwamba wote wawili wamekosea njia, na tutamtazama Mkristo mmoja wa Kanisa letu aliyeishika njia iliyonyoka.

1. Sarafu na sura yake

Bwana Yesu alipoulizwa juu ya kodi, aliomba aonyeshwe dinari, akauliza sura iliyochorwa juu yake ni ya nani. Ilikuwa ya Kaisari. Basi akawaambia wamrudishie Kaisari kilicho chake. Hata sisi, tukiitazama sarafu yetu ya shilingi mia, twaiona sura ya Mwalimu Nyerere. Fedha ni ya nchi, na kodi ni haki ya nchi. Mkristo anayekwepa kodi na huku akitoa sadaka nono Jumapili hajamtolea Mungu. Ametoa mali ya jirani zake.

Lakini Bwana hakuishia hapo. Alisema pia vya Mungu apewe Mungu. Na kitu gani chenye sura ya Mungu? Mwanzo 1:27 yatujibu: ni mwanadamu. Kwa hiyo Kaisari aweza kudai sarafu, wala hawezi kuidai dhamiri. Aweza kutuagiza kazi, wala hawezi kutuagiza kusema uongo, wala kumdhulumu mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

2. Danieli kazini

Watu hupenda kusimulia habari za tundu la simba, wakaruka yaliyotangulia. Soma tena Danieli 6:4. Adui zake walichunguza kazi yake ya serikali wakitafuta kosa, wasilione. Alikuwa mtumishi mwaminifu katika nchi ya kigeni, chini ya mfalme asiyemjua Mungu wake. Ndipo wakaona kwamba hawatampata ila katika mambo ya sala.

Basi tujifunze utaratibu huu. Danieli hakuanza kwa kukataa. Alianza kwa kutumika vizuri. Siku alipokataa, kukataa kwake kulikuwa na uzito, kwa maana hakuna aliyeweza kumwita mvivu wala mwizi. Sisi tuliofundisha katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwaambia vijana wetu kwamba kupenda nchi hakupimwi kwa sauti ya kuimba mbele ya bendera. Kunapimwa saa mbili asubuhi, mwalimu akiwa darasani na somo lake limeandaliwa, hata kama mkaguzi yuko mbali.

3. Askofu Mkuu Janani Luwum

Tuje sasa karibu na nyumbani. Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa kasisi. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Wakati huo Idi Amin alikuwa amekwisha kutawala Uganda miaka mitatu, na watu wengi walikuwa wakichukuliwa wasirudi.

Askofu Mkuu hakukimbilia porini, wala hakujifungia kanisani. Alikwenda mwenyewe kwenye ofisi za serikali kuulizia waliokamatwa. Akaendelea kuiombea serikali na kuonana na wakubwa, hata wako waliomnung’unikia kwamba yu karibu nao mno. Yeye aliona kwamba mchungaji asiyesogea hawezi kumtoa kondoo mdomoni mwa chui.

Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake Namirembe usiku wa manane, wakaipekua nyumba wakitafuta silaha, wasipate kitu. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais waraka, wakilalamikia upekuzi ule na mauaji ya raia. Na tuangalie sana namna walivyofanya. Waliandika kwa heshima. Waliweka majina yao chini ya waraka. Waliupeleka kwa Rais mwenyewe. Mwasi hafanyi hivyo. Hivyo hufanya raia anayeamini kwamba nchi yake inaweza kutubu.

Tarehe 16 Februari 1977 maaskofu waliitwa Kampala. Silaha zilipangwa mbele ya askari waliokusanywa, na Askofu Mkuu akashtakiwa kwamba amepanga kuipindua serikali. Wenzake wakaambiwa waende zao, yeye akazuiwa. Siku hiyo aliuawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari, lakini waliouona mwili waliona majeraha ya risasi. Alizikwa Mucwini kwao, na kaburi lililochimbwa Namirembe, karibu na la Askofu Hannington, likabaki tupu.

Aliitwa msaliti wa nchi. Leo je? Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda. Nchi ile ile imemtambua kuwa mwana wake mwaminifu. Tangu mwaka 1998 sanamu yake imesimama pia mlangoni pa Westminster Abbey, London, pamoja na mashahidi wengine wa karne iliyopita.

4. Mipaka na upendo

Mwaka 1978 vita vilizuka kati ya Uganda na Tanzania, na mwaka 1979 Amin akaondolewa. Katika vita vile Waanglikana walikuwamo pande zote mbili za mpaka, wakishiriki Meza moja ya Bwana. Tulikuwa na haki ya kuilinda nchi yetu. Hatukuwa na ruhusa ya kumchukia Mganda. Askofu Festo Kivengere, aliyewahi kufundisha shule huko Dodoma, alikimbia Uganda baada ya kifo cha Luwum. Mwaka ule ule alitoa kitabu ambacho jina lake lasema kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walishangaa. Lakini hakuwa akiusifu uovu. Alikuwa akitii amri ya Bwana juu ya adui.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Kuipenda nchi ni kama kumpenda mama: humpendi kwa kumchukia mama wa mwenzio, wala hufurahi ukimwona anapotea njia.

5. Na sisi je?

Pengine hapa kwetu hatutaitwa mbele ya askari. Tutajaribiwa kwa mambo madogo. Karani ataambiwa atie majina hewa katika orodha ya mishahara. Mjumbe wa kijiji ataombwa soda ili aandike barua. Mgombea ataleta mabati ya kanisa wiki mbili kabla ya uchaguzi, naye atataka kusimama penye mimbari. Mzee wa kanisa atatakiwa kunyamaza kwa kuwa mkosaji ni wa kabila lake. Mkristo anayeshindwa katika haya asitegemee kusimama siku ya makubwa. Samaki mkunje angali mbichi.

Tumeirithi desturi ya kuwaombea watawala. Kitabu cha Sala kutoka Uingereza kilimwombea mfalme wa huko. Baada ya Uhuru twamwombea Rais wetu. Na wimbo wetu wa Taifa, Mungu Ibariki Afrika, ni sala. Basi tuuimbapo tusimame wima, tukikumbuka tunayemwomba. Anayeiombea nchi yake baraka hukiri kwamba yuko aliye juu yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Kati ya kodi, kura na ukweli, ni deni gani kwa nchi ambalo Wakristo wa mtaa huu hawalilipi vizuri?
2. Soma Warumi 13:1-7 pamoja na Matendo 5:29. Mitume walikataa agizo gani? Je, walikataa pia adhabu yake?
3. Mgombea akileta msaada kanisani, wazee wafanye nini?

Tuombe

Ee Mungu, Mfalme wa mataifa yote, utupe kuitumikia nchi yetu bila hila, na kukutumikia wewe bila hofu. Uwape watawala wetu masikio ya kusikia, na sisi ndimi za kusema kweli kwa upendo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.