KWA NINI TWASAHAU?

Katika kila darasa wapo wanafunzi waitwao vichwa vizito. Mwalimu akifundisha leo huelewa, lakini wakiulizwa wiki ijayo wamesahau. Baadhi yao huambiwa hivyo mara nyingi hata wakaamini, wakakata tamaa kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne kufika. Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa kusahau si laana ya mtu mmoja mmoja, bali ni tabia ya ubongo wa kila mwanadamu, na dawa yake yajulikana.

Kazi ya kumbukumbu ina hatua tatu: kupokea, kuweka na kutoa. Mfano wake ni ghala ya mkulima. Mahindi yasiyoletwa ghalani hayawezi kupatikana humo, na yaliyotupwa humo ovyo ni taabu kuyapata. Vivyo hivyo mwanafunzi akaaye darasani huku mawazo yake yako nyumbani hakusahau somo. Hakulipokea hata kidogo.

Ndani ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, mna sehemu ndogo iliyopindika iitwayo hipokampasi. Kazi yake ilijulikana zaidi kwa sababu ya Mmarekani mmoja, Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa ili atibiwe kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi zake ikaondolewa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza tena kuweka mambo mapya. Mambo ya utoto wake aliyakumbuka. Bali mtu aliyezungumza naye, akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, alikuwa mgeni kwake. Ajabu ni kwamba mikono yake iliweza kujifunza. Alifundishwa kuchora nyota huku akiitazama katika kioo, akawa hodari zaidi siku hadi siku, ingawa hakukumbuka ya kuwa amewahi kuichora. Basi tukajua kwamba kumbukumbu si ya namna moja. Bwana huyo alifariki mwaka 2008.

Je, sisi wenye ubongo mzima twasahau kwa kasi gani? Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, akatoa kitabu mwaka 1885. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana mpaka akaweza kuzisema bila kosa. Baadaye alijifunza orodha zile zile tena, akaangalia ameokoa kiasi gani cha kazi ya kwanza. Baada ya saa moja tu, alichookoa kilikuwa chini ya nusu. Baada ya siku moja kilikuwa kama theluthi, na baada ya mwezi mmoja kama sehemu moja ya tano. Maana yake ni kwamba twasahau upesi sana mwanzoni, kisha polepole. Alijaribu pia beti za mshairi wa Kiingereza Byron, akaona zahitaji kama sehemu moja ya kumi tu ya kazi ya silabi zile. Kwa hiyo jambo lenye maana huwekeka kwa urahisi kuliko maneno matupu.

Sasa tuitazame dawa. Wengi wetu saa za prepu husoma ukurasa ule ule mara tatu, nne, tukadhani tumeujua. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wataalamu wa Marekani, waliwapima wanafunzi wa chuo kikuu. Katika jaribio lao, baada ya kusoma habari fulani, wanafunzi ama waliisoma tena, ama waliandika kwa kichwa yote waliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5, kusoma tena kulishinda: asilimia 81 kwa 75. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika kwa kichwa walikumbuka asilimia 56, na waliosoma tena asilimia 42. Basi jambo hukaa zaidi kwa kutolewa ghalani kuliko kwa kutazamwa.

Kutokana na hayo, wenzangu, yatupasa kushika mambo manne:

1. Kwanza lielewe somo, ndipo ulikariri.
2. Funga kitabu, uandike au umweleze mwenzako. Kisha ufungue usahihishe.
3. Rudia siku ya pili, halafu baada ya wiki, halafu baada ya mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.
4. Lala. Jenkins na Dallenbach mwaka 1924 waliona ya kuwa mtu aliyelala baada ya kujifunza husahau kidogo kuliko aliyekaa macho kwa muda ule ule. Anayekesha na tochi chini ya blanketi, taa za bweni zikiisha kuzimwa, ajipunguzia mwenyewe.

Nanyi wazazi na walimu wetu, mtoto akisahau, tafadhalini msiseme upesi kwamba kichwa chake ni kizito. Mwulizeni kwanza: "Ulilirudia lini somo hili mara ya mwisho, na kitabu kilikuwa wazi au kimefungwa?"

Mwanafunzi, Kidato cha Nne