Kinyonga Nyumbani: Makazi, Chakula na Afya ya Wanaoishi Naye

Kinyonga anayeonekana mara nyingi katika mashamba ya kahawa ya Mbinga, na kule chini kwenye vichaka vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, ni yule mwenye vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa ambavyo huvisimamisha anapokasirika. Wataalamu humwita Chamaeleo dilepis. Watu wazima wengi humkwepa, kwani katika hadithi za jamii nyingi za Kibantu yeye ndiye tarishi aliyechelewa kufikisha ujumbe wa uzima hadi mauti yakatangulia. Watoto hawana hofu hiyo. Humpandisha kijitini, wakamleta nyumbani ndani ya boksi, na kufikia jioni familia imepata mnyama ambaye hakuna ajuaye anakula nini wala anaweza kuleta nini. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya familia hiyo, na kwa ajili ya mhudumu wa zahanati atakayeulizwa habari zake.

Neno la sheria litangulie. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na kumkamata au kumfuga mmoja wao kunahitaji kibali. Kinyonga huyu yumo pia katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe kati ya mataifa, na mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Asiye na kibali amrudishe kinyonga kichaka kilekile alikotolewa, wala asimpandishe kutoka ziwani hadi milimani. Maelezo yafuatayo ni ya mwenye kibali, na ya yule anayemhifadhi kwa siku chache kabla ya kumrejesha.

Makazi

Kinyonga ni mnyama wa mtini. Kizimba chake kiwe kirefu kwenda juu kuliko kilivyo kipana. Urefu wa mita moja na upana wa sentimita 60 unamtosha aliyekomaa. Kuta ziwe za wavu ili hewa ipite. Boksi lililofungwa na chombo cha kioo huhifadhi unyevu na joto, na mapafu yake huugua upesi. Ndani pawekwe matawi ya unene mbalimbali, yaliyolala na yaliyosimama, pamoja na majani mengi ya kujifichia. Matawi ya mpera yanafaa sana. Ya mbuni yanafaa pia, ilimradi shamba halijapuliziwa dawa.

Asiwekwe na mwenzake. Vinyonga huishi peke yao, na wawili katika kizimba kimoja hutishana mchana kutwa hata kama hawapigani. Rangi nyeusi isiyoisha, ilhali jua limekwisha kupanda, ni dalili ya dhiki au ugonjwa. Wengi hudhani hubadili rangi ili kufanana na mahali alipo tu. Ukweli ni kwamba rangi hufuata zaidi joto la mwili na hali yake ya ndani, na ni njia yake ya kusema na vinyonga wengine.

Jua ndilo jambo ambalo wafugaji wapya hulipuuza kuliko yote. Kinyonga hutengeneza vitamini D katika ngozi kwa mionzi ya urujuanimno, kama afanyavyo binadamu, na bila vitamini hiyo kalsiamu haiingii mifupani. Mhudumu wa afya aliyewahi kumwona mtoto mwenye matege ataielewa hali hii mara moja: taya hulegea, miguu hupinda, mnyama hushindwa kushika tawi na mwisho hushindwa hata kurusha ulimi. Kioo cha dirisha hakipitishi mionzi hiyo. Kizimba kitolewe nje asubuhi, nusu yake ikiwa juani na nusu kivulini, ili mwenyewe achague. Kinyonga aliyefungiwa jua kali pasipo kivuli hufa kabla ya adhuhuri.

Huku juu Mbinga, usiku wa Juni na Julai una baridi kali, na familia nyingine hupata wazo la kuweka jiko la mkaa karibu na kizimba. Wasifanye hivyo. Gesi ya kaboni monoksaidi itokayo kwenye mkaa huua watu waliolala kabla hawajajua kinachowapata, sembuse mnyama mdogo. Kizimba kifunikwe kwa blanketi upande mmoja, basi.

Chakula na maji

Chakula chake ni wadudu walio hai: panzi, nyenje, mende, nzi. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga. Mkubwa apewe wadudu watatu hadi watano kila baada ya siku moja. Mdogo ale kila siku. Kumbikumbi wa mvua za kwanza ni karamu kwake, lakini wana mafuta mengi na hawafai kuwa mlo wa kila siku. Wakazi wa mwambao wanayajua mawingu ya vijidudu vinavyopaa juu ya ziwa kama moshi. Kwa kinyonga mkubwa ni vidogo mno, ila kwa vitoto vilivyotoka tu yaini ni riziki.

Wadudu watoke mahali pasipo na sumu. Mibuni ya Mbinga hupuliziwa viuatilifu, na panzi aliyetoka huko huweza kumuua kinyonga polepole bila mfugaji kujua sababu. Panzi wanaonuka, wenye rangi kali, waachwe, kwa kuwa wengi wao hula mimea yenye sumu na kuihifadhi mwilini. Kimulimuli pia aachwe: aina za Marekani zimekwisha kuua mijusi waliolishwa, na sioni sababu ya kuwajaribu wa kwetu.

Siku moja kabla ya kutumika, wadudu wenyewe walishwe karoti na majani mabichi, kwa kuwa kinyonga hupata kile kilichomo matumboni mwao. Mara mbili kwa wiki wanyunyiziwe kalsiamu. Si lazima kuinunua: ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa hadi kuwa unga laini, linatosha.

Maji katika bakuli hayamsaidii, maana hunywa matone yaliyo juu ya majani. Nyunyizia matawi asubuhi na jioni, au tundika chupa yenye tundu la sindano idondoke taratibu. Macho yaliyoingia ndani, na sehemu nyeupe ya kinyesi iliyogeuka rangi ya chungwa, ni dalili za kiu ya muda mrefu.

Jike lililonenepa na kuanza kuzunguka chini ya kizimba linatafuta mahali pa kutagia. Liwekewe ndoo ya mchanga wenye unyevunyevu, kina cha sentimita 30. Lisipopata udongo hubaki na mayai tumboni na kufa nayo.

Afya ya wanaoishi naye

Kinyonga hana sumu. Mate yake hayadhuru, na akiuma hubana tu. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi, na hali ya chanjo ya pepopunda iangaliwe. Hakuna haja ya kuchanja kidonda, kufunga kamba, wala kuweka jiwe la nyoka. Chanjo ya kichaa cha mbwa haihitajiki pia, kwani ugonjwa huo hubebwa na mamalia.

Hatari halisi haionekani. Wanyama watambaao wengi hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuugua, na humwaga bakteria hao katika kinyesi. Mtoto humshika kinyonga, kisha hushika ugali. Kwa mtu mwenye afya matokeo huwa kuhara na homa ya siku chache, na tiba yake kubwa ni maji yenye chumvichumvi, pamoja na zinki kwa watoto. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee, au mwenye kinga dhaifu kwa sababu ya VVU, bakteria huweza kuingia katika damu. Nyumba yenye mtu wa namna hiyo isifuge kinyonga.

Mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi waitavyo, atajwe peke yake. Kwake salmonela hupenda kujenga kiota ndani ya mfupa. Maumivu ya mfupa pamoja na homa huchukuliwa kwa urahisi kuwa ni shambulio la kawaida la ugonjwa wake, akapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani huku mfupa ukioza. Homa isiyoshuka, na maumivu yaliyokaa mahali pamoja penye uvimbe, yanataka kipimo cha damu cha kuotesha vimelea, na rufaa ya haraka pale zahanati isipokuwa na uwezo huo. Kipimo cha Widal hakitoshi: salmonela wa wanyama si yule wa homa ya matumbo, ambaye huishi kwa binadamu tu, na kipimo hicho huweza kuwachanganya.

Kizimba kisioshwe jikoni wala karibu na vyombo. Kinyesi kizikwe au kitupwe chooni, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa mnyama, wadudu wake au matawi yake. Mzazi anayempeleka mgonjwa kituoni ataje kwamba nyumbani kuna kinyonga, hata kama ameshaachiwa wiki iliyopita. Naye mhudumu, aonapo mtoto mwenye kuhara na homa, aulize swali hilo kama anavyouliza habari za maji ya kunywa.