Mbegu za Jike katika Uhimilishaji wa Ng'ombe: Somo kwa Wafugaji na Watumishi wa Maore

Somo hili linawahusu wafugaji wa kata ya Maore na vijiji jirani vya tambarare ya Same, pamoja na watumishi wa ugani wanaowahudumia. Shabaha yake ni kueleza mbegu zilizotenganishwa kijinsia, ambazo wafugaji wengi huziita mbegu za jike, na kumsaidia kila mwenye ng'ombe kuamua, kabla ya kutoa fedha yake, kama zinamfaa au hazimfai.

Maore iko chini ya milima ya Upare Kusini, kati ya milima hiyo na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Malisho ya upande wa Mkomazi yalifungwa kwa wafugaji mwaka 1988, wakati huo likiwa bado pori la akiba, na mwaka 2008 pori hilo likawa Hifadhi ya Taifa. Ardhi iliyobaki hugawanywa kati ya kilimo na mifugo. Katika hali hiyo, mfugaji hawezi tena kutegemea wingi wa ng'ombe. Hana budi kutafuta ng'ombe wachache wenye faida zaidi, na hapo ndipo uhimilishaji unapopata nafasi yake.

1. Asili ya mbegu hizi

Kila chembe ya mbegu ya fahali hubeba ama kromosomu X ama kromosomu Y. Chembe yenye X ikirutubisha yai, ndama huwa jike. Yenye Y ikirutubisha, ndama huwa dume. Katika mbegu za kawaida chembe hizo zinakaribia kulingana kwa idadi, ndiyo maana mfugaji hupata takriban nusu majike na nusu madume.

Chembe ya X ya ng'ombe ina DNA nyingi kuliko chembe ya Y kwa kiasi cha asilimia 3.8 hivi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo msingi wa kazi yote. Chembe hutiwa rangi inayoshika kwenye DNA, kisha hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza. Chembe ya X, kwa kuwa imeshika rangi nyingi zaidi, hung'aa zaidi. Mtambo hutambua mng'ao huo, hulitia tone lililobeba chembe chaji ya umeme, na tone huvutwa upande wake. Mtambo hupitisha maelfu ya chembe kila sekunde.

Mbinu hii ilibuniwa na Lawrence Johnson na wenzake katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Beltsville, nchini Marekani, na mwaka 1989 walitangaza kuzaliwa kwa sungura kwa njia hiyo. Biashara ya mbegu za ng'ombe za aina hii ilianza Uingereza mwaka 2000. Usahihi wake ni kiasi cha asilimia 90: katika ndama 100 wanaozaliwa, 90 hivi huwa majike. Madume kumi yanayobaki si udanganyifu wa mhimilishaji. Ndiyo kiwango cha mtambo wenyewe.

2. Upungufu ambao mfugaji anapaswa kuujua

Rangi, mwanga, mgandamizo na umeme huzichosha chembe. Aidha, kwa kuwa mtambo hufanya kazi polepole ukilinganishwa na wingi wa chembe zilizopo, kila mrija hutiwa chembe chache. Mrija wa mbegu za kawaida huwa na chembe milioni 15 hadi 20. Mirija ya kwanza ya mbegu za jike ilikuwa na chembe milioni 2 tu. Baadhi ya ile ya miaka ya karibuni ina milioni 4.

Matokeo yake ni kwamba mbegu za jike hushikisha mimba mara chache kuliko mbegu za kawaida. Kwa muda mrefu kiwango chake kilikuwa kati ya asilimia 75 na 80 ya kile cha mbegu za kawaida. Maendeleo ya miaka ya karibuni yamekipandisha, lakini pengo halijaisha, na hupanuka pale ng'ombe anapokuwa dhaifu au wakati wa kuhimilisha unapokosewa.

3. Hesabu ya mfugaji

Tuchukue mfano. Mitamba 100 imehimilishwa mara moja kwa mbegu za kawaida, na 60 imeshika mimba. Tukiacha mimba zinazoharibika, watazaliwa majike 30 na madume 30. Mitamba mingine 100 ya hali hiyohiyo imehimilishwa kwa mbegu za jike, na kwa kiwango cha asilimia 80 ya ule wa kwanza, 48 imeshika mimba. Watazaliwa majike 43 na madume 5.

Mbegu za jike zimeongeza majike 13. Lakini zimepunguza mimba 12, na kila mtamba uliokosa mimba utasubiri siku 21 kurudi kwenye joto, ukila majani na maji bila kuleta kitu.

Sasa tuweke fedha. Tuseme, kwa mfano tu na si kwa kutaja bei ya mahali popote, kwamba kuhimilisha kwa mbegu za kawaida kunagharimu shilingi 30,000, pamoja na mrija, nauli na ujira. Kwa kugawa gharama ya mitamba 100 kwa majike 30, kila ndama jike amegharimu shilingi 100,000. Ikiwa mbegu za jike zinagharimu mara mbili, yaani shilingi 60,000, kila ndama jike amegharimu karibu shilingi 140,000. Gharama za pande mbili zitalingana pale tu kuhimilisha kwa mbegu za jike kusipozidi mara 1.4 ya gharama ya kawaida. Juu ya hapo, mfugaji ananunua wakati: anapata majike mengi zaidi katika msimu uleule, naye hulipia haraka hiyo. Ni halali kulipa, mradi alipe akijua.

4. Nani atumie, na nani asubiri

Jambo kubwa kuliko yote katika somo hili ni hili: maziwa hutokana na kuzaa, wala hayategemei jinsia ya ndama. Ng'ombe aliyezaa dume hukamuliwa sawasawa na aliyezaa jike. Kwa hiyo, familia yenye ng'ombe mmoja, inayotegemea maziwa yake kwa lishe ya watoto na kwa ada ya shule, inahitaji kwanza mimba, na jike baadaye. Familia hiyo inashauriwa kutumia mbegu za kawaida za fahali bora. Kupoteza joto moja au mawili kwa kutafuta jike ni kuisogeza mbele siku ya kukamua, na ng'ombe hubeba mimba kwa muda wa miezi tisa na siku chache.

Mbegu za jike zinamfaa zaidi mfugaji mwenye mitamba kadhaa na anayetaka kukuza kundi kutokana na mifugo yake bora. Mtamba hushika mimba kwa urahisi kuliko ng'ombe mzima anayekamuliwa maziwa mengi. Tena ndama jike huwa mwepesi kidogo kuliko dume, jambo ambalo humpunguzia mtamba shida katika uzazi wa kwanza. Hata hivyo, mtamba usihimilishwe kabla haujafikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa aina yake. Umri peke yake si kipimo.

Zisitumike kwa ng'ombe aliyekwisha kurudia joto mara mbili au tatu, aliyepata kutupa mimba, aliyebakiwa na kondo la nyuma na hajapona, au aliyekonda kwa ukame. Ng'ombe wa namna hiyo achunguzwe kwanza.

Wapo pia wafugaji wa tambarare ambao dume si hasara kwao. Anayelima kwa plau anahitaji maksai, na anayeuza mnadani hupata fedha kwa dume aliyenenepa. Hao hawana sababu ya kulipia kile wasichokihitaji.

Ikumbukwe vilevile kwamba kutenganisha jinsia hakubadili aina ya ng'ombe. Mbegu ya jike ya Friesian italeta mtamba wa damu ya Friesian, wenye haja ya chakula kingi, kivuli, maji na kinga dhidi ya kupe waletao ndigana kali. Katika joto la Maore, mfugaji ashauriane na mtaalamu kuhusu kiwango cha damu ya kigeni ambacho chakula chake na nafasi yake vinaweza kukilisha.

5. Siku ya kuhimilisha

Mbegu zilizogandishwa huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River, mkoani Arusha. Kutoka huko hadi tambarare ya Same ni safari ndefu, na mtungi ukipungukiwa na naitrojeni njiani au ofisini, mbegu zote hufa bila kuonyesha dalili yoyote kwa macho. Mbegu za jike, zilizo chache na zilizochoka, hazina akiba ya kuvumilia kosa hilo.

Dalili ya kuaminika ya joto ni ng'ombe kusimama tulivu akipandwa na wenzake. Ute angavu unaovutika, kulialia na kupungua kwa maziwa ni dalili za kusaidia. Ng'ombe waangaliwe alfajiri, jioni na usiku, kwa kuwa mchana wa jua kali wengi hawaonyeshi dalili. Kwa mbegu za kawaida, aliyeonekana asubuhi huhimilishwa jioni, na aliyeonekana jioni huhimilishwa asubuhi ya pili yake. Kwa mbegu za jike inashauriwa kuchelewa kidogo, kati ya saa 16 na saa 24 tangu joto kuanza. Mfugaji asiyejua joto limeanza lini asitumie mbegu za jike siku hiyo.

6. Wajibu wa mtumishi na haki ya mwananchi

Mtumishi anayehimilisha anawajibika kupima naitrojeni ya mtungi wake mara kwa mara na kuandika kipimo hicho, kuyeyusha mrija katika maji yaliyopimwa joto kwa kadiri mtengenezaji alivyoelekeza, na kumwonyesha mfugaji maandishi ya mrija kabla ya kuutumia. Anawajibika pia kumweleza ukweli ng'ombe anapokuwa hafai, hata kama kwa kusema hivyo atarudi bila ujira.

Kabla ya kulipa, mwananchi ana haki ya kuuliza mambo matano: mbegu ni ya fahali gani na wa aina gani, je, ni ya jike au ya kawaida, gharama yote ni kiasi gani, ng'ombe akirudia joto, malipo yatakuwaje, na ni lini atapimwa mimba. Majibu yaandikwe pamoja na tarehe katika daftari la mfugo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo ndilo litakalozuia, miaka mitatu baadaye, mtamba kuhimilishwa kwa mbegu za baba yake mwenyewe.

Hitimisho

Mbegu za jike ni chombo kizuri mikononi mwa mfugaji aliyekwisha kuyamudu mambo ya msingi: chakula, kinga, kulitambua joto na kuweka kumbukumbu. Kwa ambaye hajayamudu, fedha hiyo itazaa zaidi ikinunua pumba, dawa ya kuogeshea au mbegu ya majani ya malisho. Wananchi wanahimizwa kuanza na ng'ombe walio nao, kuwaandaa vizuri, kisha kumwita mhimilishaji wakati ng'ombe mwenyewe yuko tayari.