Dondoo muhimu: Ukinunua bajaji iliyotumika

Usidanganyike na rangi mpya wala turubai jipya. Bajaji nyingi zinazouzwa Dar es Salaam zimepita mikononi mwa madereva wa hesabu, na anayedaiwa hesabu kila jioni hana haraka ya kumwaga oili.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini, ukiikuta ya moto, ahirisha. Iwashe mwenyewe, vuta mafuta, tazama bomba la moshi. Moshi wa bluu usiokatika ni oili inayoungua: ringi au sili za valvu zimechoka, na hapo fundi lazima afungue injini.

Inama uvunguni na tochi. Rangi iliyopakwa kipande kimoja tu kwenye chesisi mara nyingi imefunika mahali palipochomelewa. Tairi la nyuma lililolika upande mmoja nalo lina habari zake. Jaribu gia zote na rivasi ukiwa umepakia watu, ikiwezekana kwenye mlima.

Usimalize fedha zote kwenye bei. Bima, leseni ya LATRA na tairi vinakusubiri.

Kadi sasa. Namba za chesisi na injini zifanane na zilizogongwa kwenye chuma. Kagua madeni ya faini za trafiki kwa namba ya usajili. Andikianeni mkataba, kisha mkahamishe umiliki TRA, kila mmoja na TIN yake. Ukiambiwa mwenye jina kwenye kadi "yuko mkoani", acha, hata bei iwe ya kutupa.